Bei ya Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Karatu, Mkoa wa Arusha
Tarehe: 20/06/2025, kuanzia saa 2:20 asubuhi
Jina: Valeriani Hhando Amnaay
Umri: Miaka 58
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mthamini wa pikipiki zilizotumika, duka la Endoro Pikipiki, Karatu mjini
Makazi: Ayalabe, chumba cha kupanga

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe leo Ijumaa, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya Selina Bura, mkazi wa Kansay, aliyekamatwa jana dukani kwetu kwa tuhuma kwamba aliwachochea vijana wa bodaboda wavunje duka. Nilikuwepo. Selina hakufanya hivyo, na aliyesababisha vijana wale waje pale ni mimi. Naomba nieleze tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia kwenye jiwe lililovunja kioo haitaeleweka.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Mteja anayetaka pikipiki mpya huja na yake ya zamani. Mimi naikagua na kuipa bei, bei hiyo inapunguzwa kwenye bei ya mpya, na yeye anaongezea kilichobaki. Ile ya zamani tunaitengeneza na kumuuzia mtu mwingine. Nikikagua nasikiliza injini ikiwa bado baridi, naangalia rangi ya moshi, naishika cheni, kisha naiendesha hadi barabara ya lami na kurudi. Kilomita zinazosomeka kwenye saa siziamini, kwa sababu mafundi huzirudisha nyuma. Watu wengi wa hapa nawajua kwa pikipiki zao kuliko kwa majina ya baba zao.

Pikipiki iliyotumika haina bei yake yenyewe. Inaifuata bei ya mpya kama ndama anavyomfuata mama yake. Mama akiteremka korongoni, ndama naye yumo.

Nimeulizwa ninaishi na nani. Ninaishi peke yangu. Mke wangu Antonia alifariki miaka sita iliyopita. Binti yetu Lightness ameolewa Geita, hunipigia Krismasi na Pasaka. Maongezi yangu mimi yalikuwa dukani. Mteja akileta pikipiki hukaa kwenye benchi wakati naikagua, saa nzima au zaidi, na mtu akikaa saa nzima huongea. Ataniambia mahindi yameshika vipi, nani amefiwa, nani kahamia Mbulu. Nikirudi nyumbani ninakuwa na habari, ingawa hakuna wa kumsimulia.

Selina namfahamu tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Anakusanya maziwa kwa majirani zake Kansay na kuyaleta mjini kila asubuhi kwa pikipiki, dumu mbili huku na mbili huku. Kwa kazi hiyo amemsomesha mtoto wake Eunike hadi chuo cha ualimu. Mumewe aliondoka zamani na hatujui alipo. Kwetu amebadilisha pikipiki mara tatu. Kuna wakati duka lingine lilimwahidi kofia ngumu na koti la mvua vya bure, hakwenda. Aliniambia, "Kaka Vale, kofia nitanunua. Mtu wa kuniambia ukweli wa pikipiki yangu nitamtoa wapi?" Kila Jumamosi huniachia chupa ya mtindi mezani. Nikitoa hela anaweka mikono nyuma.

Mnamo tarehe 12/06/2025, siku ya Alhamisi, saa 11:05 jioni, nilipokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa Raymond, ambaye ni meneja wetu wa tawi. Tulitumiwa wafanyakazi wote wanne. Uliandikwa hivi: "Kuanzia J3 pikipiki mpya zote zinashuka laki tano. Ya zamani yoyote isipokelewe mpaka J3. Mteja asiambiwe." Nilimfuata ofisini. Nikamwambia, "Meneja, mpya ikishuka laki tano, hizi za uani tulizozinunua kwa bei ya juu hazitauzika, na watu walionunua mwezi uliopita tutawatazamaje usoni?" Akasema duka jipya la jirani linatuchukulia wateja na bosi Arusha anataka mpya arobaini ziondoke kabla mwezi haujaisha. Akasema, "Mzee, wewe kagua. Bei tuachie sisi." Niliondoka.

Mnamo tarehe 14/06/2025, Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, Selina alikuja akiwa amemaliza kugawa maziwa. Alikuja kubadilisha. Alisema pikipiki yake inachoka kwenye kupanda, inabidi ateremke na kuisukuma, na wiki hiyo maziwa yalikuwa yamemgandia njiani mara mbili. Alikuwa ameuza mtamba wake mnadani ili apate cha kuongezea. Niliikagua. Ni kweli ilikuwa inakula oili, ila ilikuwa imetunzwa, hata vyuma vya kubebea madumu alikuwa amevifunga kwa mpira ili visikwaruze. Nikampa milioni moja na laki sita. Hiyo ilikuwa bei ya haki siku hiyo. Mpya ilikuwa milioni mbili na laki tisa na nusu, kwa hiyo alitakiwa kuongezea milioni moja na laki tatu na nusu, na hela hiyo alikuwa nayo, imefungwa kwenye kitenge.

Alisema, "Basi tuandikishane, niende nayo."

Nikamwambia mhuri umepelekwa Arusha, aache kadi ya pikipiki aje Jumatatu. Mhuri ulikuwa kwenye droo, pale nilipokuwa nimeegemeza goti.

Hakuniuliza mara mbili. Aliniachia kadi, akaweka mtindi mezani, akaenda.

Nimeulizwa kwa nini sikumwambia. Najibu kwamba niliogopa kazi. Nina miaka 58, na mkoba wangu wa vifaa haunipatii kazi mahali pengine. Hilo ndilo jibu langu na sina lingine zuri zaidi.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza. Baada ya hapo sikuongea na mtu yeyote mpaka Jumatatu.

Mnamo tarehe 16/06/2025, Jumatatu, saa 2:30 asubuhi, kulikuwa na ukungu na baridi kali. Bango jekundu la punguzo lilikuwa limeshafungwa juu ya mlango. Selina alifika saa 3:15. Nilimwona kupitia kioo akisimama kulisoma bango. Aliingia anacheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kaka Vale, Mungu ana watu wake! Kumbe ule mhuri wako ulikuwa bahati yangu. Laki tano! Nitamnunulia Eunike godoro la kwenda nalo chuoni."

Nikamwambia akae. Nikamweleza kwamba bei ya yake nayo imebadilika. Akauliza imekuwa ngapi. Nikasema laki tisa.

Alihesabu polepole kwa vidole kwenye meza. Mpya imekuwa milioni mbili na laki nne na nusu. Ukitoa laki tisa, kinachobaki ni milioni moja na laki tano na nusu. Akasema, "Hapa naongezea laki mbili zaidi ya Jumamosi. Punguzo ni la nani sasa?"

Nikamweleza kwamba hakuna atakayeinunua iliyotumika kwa bei inayokaribia ya mpya, ndiyo maana ninalazimika kuichukua chini. Ni kweli kibiashara. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiiraqw, kama Jumamosi nilikuwa ninajua.

Sikujibu.

Akasema, "Nilidhani ni mhuri." Akainuka, akafunga madumu yake, akaondoka bila kadi. Sidhani aliisahau. Nadhani hakutaka kuniomba kitu.

Siku ya Jumatatu na Jumanne tuliuza mpya kumi na tisa. Haijawahi kutokea. Walikuwa watu wa Mang'ola, wa Mbulu, wengine wametoka Endamarariek wawili wawili kuona kama ni kweli. Hakuna niliyemjua. Hakuna aliyekaa kwenye benchi, kwa sababu hakuna aliyeleta ya zamani. Raymond alinipiga begani akasema, "Unaona, mzee? Wateja hao." Nikasema hao ni wanunuzi. Mteja ni yule anayerudi. Akacheka.

Jumanne hiyo saa 8:00 mchana Simel alinipigia simu. Simel ni mfugaji na mfanyabiashara wa Soitsambu, kila mwaka hununua kwetu pikipiki tano au sita zilizotumika na kwenda kuwauzia wenzake kule Loliondo. Alisema, "Mzee Hhando, vijana wangu wameniambia mpya ni mbili na nusu. Mimi hizo zako nitazifanyia nini? Kwaheri." Tumefahamiana miaka minane. Huwa ananiuliza kwanza hali ya miguu yangu, maana inavimba. Safari hii hakuuliza.

Uani zilibaki ishirini na tatu. Nilizifuta bei nilizokuwa nimeandika kwa chaki kwenye matangi. Sikuandika nyingine.

Mnamo tarehe 18/06/2025, Jumatano, saa 12:15 jioni, nikitoka kazini nilipita kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na soko, kama ninavyopita kila siku. Kawaida huniita, "Mzee Hhando, njoo usikilize hii inalia nini." Siku hiyo walinyamaza nilipofika. Nilisimama. Marseli, ambaye alinunua mpya kwetu tarehe 30/05/2025 kwa bei kamili, aliniuliza, "Mzee, hii yangu leo ina thamani gani?" Ilikuwa na siku kumi na tisa barabarani. Nikamwambia milioni moja na laki saba. Akaniambia, "Nilitoa karibu milioni tatu." Nikasema najua, nilikuwepo, nilikupa funguo kwa mkono wangu.

Mwingine akasema pengine bei ilishushwa ghafla, mzee naye hakujua. Alisema vile kwa kunitetea. Ningeweza kuitikia nikaenda zangu.

Nilitoa simu nikawasomea ule ujumbe wa Alhamisi, pamoja na maneno "Mteja asiambiwe." Nilimpa Marseli simu asome mwenyewe. Nikawaambia pia kwamba kuna mama wa maziwa nilimrudisha Jumamosi kwa uongo wa mhuri. Jina lake sikulitaja.

Nimeulizwa nilikuwa na nia gani. Sikuwaambia waje dukani. Sikuwaambia wavunje kitu. Lakini mimi ni mtu mzima, nilijua vijana wakisikia vile hawatalala nalo. Nadhani nilitaka mtu anikasirikie usoni. Tangu Jumatatu hakuna aliyenikasirikia, kila mtu alikuwa ananipita tu.

Mnamo tarehe 19/06/2025, Alhamisi, saa 3:40 asubuhi, vijana wapatao kumi na wanne walifika na pikipiki zao wakazipanga mbele ya duka. Hawakuwa na fujo. Marseli alizungumza na Raymond kwenye ngazi. Aliomba mambo mawili, ama warudishiwe sehemu ya ile tofauti, ama duka liwaandikie kwamba siku wakija kubadilisha watapokelewa kwa bei ya zamani. Alisema, "Meneja, sisi hatuna ugomvi. Tumenunua hapa miaka yote, na mafuta ya injini tunanunua hapa."

Raymond akamjibu, "Biashara haina undugu. Nani alikushika mkono ununue Mei?"

Saa 3:50 Selina alifika. Hakuja nao na hakuwa na habari nao, alikuja kuchukua kadi yake. Aliegesha pikipiki pembeni, dumu mbili bado zina maziwa, akapita katikati ya vijana hadi juu ya ngazi mbele ya kioo. Raymond alimwambia asubiri. Mimi nilikuwa ndani mezani. Nilipomwona nilifungua droo kuitafuta kadi.

Wakati huo Marseli alilivuta bango, likakatika upande mmoja. Raymond akamsukuma. Vijana wakapiga kelele, wawili wakaangusha pikipiki mpya iliyokuwa nje kwa maonyesho na tangi lake likabonyea. Kisha nikamsikia Selina akipiga kelele kwa Kiiraqw.

Hapa naomba iandikwe kwa usahihi, kwa sababu ndiyo maana nimekuja. Raymond amesema Selina aliwaamuru vijana kwa lugha yao. Raymond ni mtu wa Pwani, ana miezi saba hapa, Kiiraqw hakijui hata salamu. Kwangu mimi ni lugha ya mama yangu. Maneno aliyoyasema Selina, nikiyatafsiri kwa Kiswahili, ni haya: "Acheni! Kaka Vale yumo ndani! Acheni, mtamuumiza!" Aliyarudia mara mbili.

Alikuwa amewapa kioo mgongo, amewaelekea wao, mikono yote miwili ameinyoosha mbele hivi, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Jiwe lilitoka upande wa barabarani, mbele yake, likampita kulia na kuvunja kioo. Mkono uliolirusha sikuuona, na sitamtaja mtu nisiyemwona. Vipande vilianguka kwenye meza yangu. Kimoja kilimchana Raymond kwenye paji la uso, na hilo nalo ni kweli, aliumia.

Askari walifika saa 4:05. Raymond alimwonyesha Selina kwa kidole akasema, "Huyu mama ndiye kiongozi wao." Walimchukua yeye, Marseli na wengine wawili. Selina alisema, "Mimi nimefuata kadi." Akaangalia ndani.

Kadi nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwa askari. Sikufungua mdomo.

Hiyo ni mara ya pili ninanyamaza mbele yake.

Baada ya hapo niliingiza pikipiki yake uani ili isiguswe. Nilitaka niyafikishe maziwa yake yanakokwenda yasiharibike. Hapo ndipo nilipogundua sijui anampelekea nani. Miaka kumi na moja nimekunywa mtindi wake, nimemsikiliza akieleza ng'ombe wa kila jirani kwa jina, na sikuwahi kumuuliza anauza kwa nani. Nilizunguka migahawa sita nikiuliza, "Huwa mnapata maziwa kwa mama wa Kansay?" Wakasema hapana. Saa 9:00 alasiri yalikuwa yameshaganda. Nilirudi nayo.

Jana hiyo hiyo saa 1:30 usiku Raymond alinipigia simu. Alisema kesho polisi watataka shahidi, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Alisema, "Uwaambie ulichokiona kama nilivyokiona mimi. Bosi anakuthamini sana, mzee." Nikamjibu nimesikia.

Nimekuja na simu yangu. Ujumbe wa tarehe 12/06/2025 bado umo, sijaufuta, afande ameuona. Nimekuja pia na kadi ya pikipiki ya Selina Bura na naomba akabidhiwe. Pikipiki yake iko uani, mafuta yapo, madumu nimeyaosha.

Nimeulizwa kama ninaelewa kwamba kwa kusema nilivyosema kuhusu siku ya Jumatano ninaweza kufunguliwa shauri mimi. Ninaelewa.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninaongeza kwamba ile bei ya Jumamosi ilikuwa sahihi. Milioni moja na laki sita. Kama mahakama itataka mthamini mwingine aikague, aikague asubuhi, injini ikiwa baridi, atapata kama nilivyopata mimi.

Niliyoyasema yanaishia hapa. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa yangu, sikutishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: V. Hhando

Nyongeza ya mpokeaji maelezo:

Mimi Koplo Doreen nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, kisha nikamsomea shahidi, naye akasaini mbele yangu saa 4:35 asubuhi. Alikuwa na akili timamu. Aliomba apumzike mara moja tu, alipokuwa akieleza habari za maziwa.

Koplo mwenzangu anayejua Kiiraqw aliwahoji Marseli na wenzake wawili, kila mmoja peke yake. Wote watatu wametaja maneno yale yale ya Selina Bura. Selina ameachiwa saa 5:20 asubuhi na amekabidhiwa kadi yake. Hakuambiwa ni nani ametoa maelezo, kwa ombi la shahidi.

Kutokana na aliyoyakiri kuhusu tarehe 18/06/2025, Valeriani Hhando amebaki kituoni kusubiri maelekezo ya mkuu wa upelelezi. Nilimuuliza ni ndugu gani ajulishwe kwamba yupo hapa. Alisema binti yake yuko mbali, asisumbuliwe. Kisha akanitajia namba moja kwa kichwa, bila kutazama popote, na kabla sijamaliza kuiandika akaniomba niifute.

Sheria inataka mtu ajulishwe. Niliipiga saa 5:45. Alipokea mwanamke, sauti ni ya yule aliyekabidhiwa kadi muda si mrefu, nyuma yake kulikuwa na mlio wa injini. Nilijitambulisha na kumweleza Valeriani yuko wapi na kwa nini. Injini ikazimwa.

Kisha akauliza kama amekula.

Nikamjibu bado. Nikasikia injini ikiwashwa tena, akakata simu.

Koplo Doreen
20/06/2025